Nyati Hasomi Namba

Alizaliwa wapi, baba yake nani, ukoo gani wa Wandamba au Wapogoro, hayo kawaulizeni wazee wa kanisa. Mimi namjua Bwana Nyama kuanzia kwenye michi. Ukutani mwa nyumba yake pale Lumemo, upande wa kivuli, ilikuwa imeegemezwa michi ya kutwangia, mirefu na mifupi, minene na myembamba, na wageni wakipita njia walikuwa wakiuliza, "Huyu mzee ana wake wangapi?" Mke alikuwa naye mmoja tu, na mpunga wao ulikobolewa mashineni kama wa watu wote wa Ifakara. Michi ile haikuwahi kutwanga hata punje moja. Kila mmoja aliuchonga mwenyewe, akautoboa tumbo, akaujaza vipande vya chuma mpaka uzito wake ukalingana na bunduki fulani aliyoijua. Mwembamba wa mninga ulikuwa thati-o-siksi, bunduki ya swala na nguruwe pori. Wa katikati ulikuwa mia tatu sabini na tano. Ule mnene wa pembeni ulikuwa mia nne hamsini na nane, namba ambayo wanaume wa kwetu wakiitaja lazima wapanue kifua kwanza. Namba hizo ni kaliba, yaani unene wa mtutu na wa risasi inayopita humo, na kwa mzee huyu zilikuwa kama majina ya watoto wake.

Bwana nyama kwetu ni askari wa wanyamapori. Huyu alikuwa amestaafu kitambo, lakini jina halistaafu. Mtu akipata kibali cha kuwinda na kumiliki bunduki, hata kama anatoka Mlimba au Namawala, alielekezwa kwake: nenda kwa Bwana Nyama akuchagulie. Na wewe unakwenda ukitegemea kuonyeshwa bunduki. Thubutu! Unaambiwa, "Chagua mchi." Halafu, "Twende."

Mnavuka majaruba ya mpunga mpaka mtoni, tope hadi magotini, mnarudi kwa njia ya ng'ombe, jua linawaka utosini, na yeye yuko nyuma yako na mabuti yake ya mvua anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya besi. Hujui lini, lakini katikati ya ubeti atakata wimbo na kupiga ukelele: "Nyatiii!" Hapo unatakiwa mchi uwe begani kabla hajafunga mdomo. Wengi waliudondosha. Mmoja, eti, alikimbia nao mpaka kwake na hakurudi tena.

"Anayetaka bunduki kubwa na aibebe kwanza siku ya jua," alikuwa akisema. "Mkono uliochoka hauna shabaha."

Siku moja nikiwa pale alikuja mfugaji wa Kisukuma, jitu la miraba minne, fimbo mkononi na redio shingoni. Akasalimia kwa heshima zote, akakaa, akasema anataka ile kubwa kabisa.

"Ya nini?" akauliza Bwana Nyama.

"Simba, mzee. Wananimalizia ndama. Na mimi ng'ombe wangu ni wengi."

"Kwa hiyo ng'ombe ndio watakaokubebea?"

Yule bwana akacheka, akautwaa mchi mnene kwa mkono mmoja kana kwamba ni mswaki. Tukaenda. Kufika mtoni alikuwa ameshauhamisha bega hadi bega mara sijui ngapi. Wakati wa kurudi kaulaza mabegani nyuma ya shingo, mikono miwili kaining'iniza juu yake, vile wachungaji wanavyobeba fimbo. "Nyatiii!" Basi, mpaka aichomoe mikono yake huko juu, nyati angeshamfikia, angeshamkanyaga na kwenda kunywa maji.

"Ndugu yangu," Bwana Nyama akamwambia, "sasa hivi wewe ni mboga."

Jamani, yule Msukuma alicheka akakaa chini kwenye tope lile lile. Aliondoka na ushauri wa kuimarisha boma la miiba kwanza, na kama bado anataka bunduki, achukue ile anayoweza kutembea nayo kutwa nzima nyuma ya mifugo. Tangu hapo maziwa ya mgando hayakukauka kwenye nyumba ile.

Neno lake kubwa lilikuwa hili: "Nyati hasomi namba." Alilisema akiwa amesimama, hakuweza kulisema amekaa. "Ganda la risasi limeandikwa mia nne hamsini na nane, limeandikwa milioni, yeye shule hakwenda! Anachojua ni risasi imeingia wapi." Na lilikuwa na pacha wake: "Bega likiogopa, jicho hufumba." Maana yake, bunduki inayokupiga teke kuliko unavyoweza kustahimili, mwili unaikumbuka. Mara ya pili, kabla hujavuta kifyatulio, jicho limeshajifumba lenyewe, na risasi imekwenda kuwasalimia ndege.

Sasa usidhani mtu huyu alikuwa amenyooka kama rula. Yeye aliyesema namba si kitu, mguse tu na habari za namba uone. Chai itapoa. Vikombe vitapangwa mkekani, kimoja nyati, kimoja mwindaji, andazi litakuwa risasi, na atakuonyesha jinsi hii inavyokwenda kasi na kushuka, na ile inavyokwenda polepole na kuzama ndani, huku mkewe akisema, "Baba, hilo andazi mtu alitaka kulila." Aliisema vibaya ile mia nne hamsini na nane mchana kutwa, lakini nilimshuhudia mwenyewe akiushika ule mchi mnene na kuupangusa vumbi taratibu, anatabasamu peke yake.

Na kuku! Mtu aliyekuwa akifuata nyati waliojeruhiwa kwenye matete hakuweza kutazama kuku akichinjwa. Mkewe akichukua kisu, yeye anakumbuka ghafla kwamba ana kazi nyuma ya nyumba. Nyama ya porini pia hakuionja. "Tumetazamana nao sana," alisema. Akala zake kambale na perege wa Kilombero mpaka mwisho.

Halafu adabu. Hapo ndipo alipokuwa mkali kupita padri. Salamu yake ilikuwa mkono wa kulia, mkubwa, mgumu, unakushika mpaka uhesabu vidole vyako baadaye. Ukipokea kitu kwake kwa mkono wa kushoto, alikichukua tena, akakirudisha mfukoni, akaendelea na mazungumzo. Hakukugombeza. Ulibaki umekaa hapo na aibu yako mpaka unyooshe wa kulia.

Hayo nayaeleza kwa sababu nilipokwenda kwake kwa shida yangu mwenyewe, ndiyo yaliyonipa hofu.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye kambi ya uwindaji ng'ambo ya mto, mfuata nyayo, mwanamke peke yangu kati ya wanaume, na nilitaka kuwa mwindaji bingwa, yule anayemwongoza mgeni na kusimama naye nyati anapokuja. Nilitaka mpaka nikawa naota. Meneja wa kambi akaniambia, "Msimu ukifunguliwa uje na bunduki yako mwenyewe, na upite mtihani wa shabaha. La sivyo nakurudisha banda la ngozi." Banda la ngozi ni kule zinakochunwa na kutiwa chumvi. Nilikaa huko miaka yangu ya kwanza, na harufu yake naijua hadi leo. Kibali kinataja bunduki moja. Ukichagua, umechagua.

Na shida yenyewe ni kwamba nilikuwa nakosa shabaha. Naazimwa bunduki ya kambi, nalenga vizuri, pumzi nimeshika, pwaa, tundu liko pembeni kabisa ya ubao. Basi nikapiga hesabu zangu: kama sipigi katikati, nichukue risasi nene zaidi, hata nikipiga pembeni kitaeleweka! Hesabu hiyo niliiona ina akili sana. Dukani Morogoro ilikuwepo mia nne hamsini na nane inayong'aa, naiona hata nikifumba macho. Nilichohitaji ni neno la mzee tu.

"Shikamoo, Bwana Nyama."

"Marahaba, binti. Chagua mchi."

Nikachukua mnene. Akanitazama, akavaa mabuti. Tulikwenda mtoni tukarudi, na namshukuru Mungu nimelelewa kwa kubeba ndoo na magunia, sikuuhamisha hata mara moja. Nikajiona nimeshinda. "Nyatiii!" Nikauleta bega la kulia kama umeme. Akazunguka mbele yangu, akanitazama usoni muda mrefu.

"Tena," akasema. Nikarudia. "Tena."

Akaniambia nitue mchi, ninyooshe mikono, niunganishe viganja nibakize kitundu kidogo katikati, nimtazame jogoo aliyekuwa juu ya banda kupitia hicho kitundu, kisha nivute mikono taratibu mpaka usoni bila kumpoteza jogoo. Nikavuta. Kitundu kikaja kutua kwenye jicho la kushoto. Akaniambia nirudie. La kushoto.

"Ugali unakula kwa mkono gani?"

"Wa kulia, Bwana Nyama."

"Ukiwa peke yako je?"

Nyie, mnajua kulelewa kwa kupigwa kijiko? Bibi yangu alinifunga mkono wa kushoto kwa kitenge kila tukikaa kula, mpaka nikajifunza kuuficha. Hakuna mtu kambini aliyejua. Kwetu mtoto wa mashoto hujifunza kuwa wa kulia, na wakubwa hawazungumzi tena, wanasema ameshapona. Mara mzee akachukua pera kutoka kwenye beseni la mkewe akanirushia ghafla usoni. Nikalidaka. Kwa mkono upi? Kushoto, bila shaka.

"Hahaaa!" Alirukaruka, mtu mzima yule, na mabuti yake! "Mama, njoo uone! Mashoto! Mashoto kamili! Huyu hakosi shabaha, huyu anatazamia dirisha moja na kupigia dirisha lingine!"

Nami nikasema, kwa sababu nilikuwa naona aibu na hasira pia, "Lakini wewe mwenyewe ukipewa kitu kwa kushoto unakirudisha mfukoni."

Hilo hakulitegemea. Alivua kofia akajikuna, akatazama jogoo, akatazama mkewe, ambaye alikuwa ameziba mdomo kwa khanga. Mwishowe akasema, "Mezani na kwenye salamu, kulia. Kwenye matete, vile ulivyoumbwa. Na sitaki ubishi." Nadhani siku ile alijishinda kitu kikubwa kuliko nilivyofahamu.

Sasa tatizo likawa bunduki. Bolti ni kile kikono cha chuma unachokivuta na kusukuma ili ganda litoke na risasi nyingine iingie, na karibu zote zimetengenezwa kikono kikiwa upande wa kulia. Mtu wa mashoto inambidi aishushe bunduki begani kila mara ili auvushe mkono. "Na nyati anakungoja umalize, siyo?" alisema mzee. Akaikataa ile hamsini na nane ya Morogoro. Akataka mia tatu sabini na tano, maana kwa nyati huruhusiwi kushuka chini ya hapo na kwa bega langu hakukuwa na haja ya kupanda juu yake, na bolti iwe kushoto.

"Naipata wiki hii," akajigamba. "Mimi nafahamika Tanzania nzima."

Loh! Wiki ile ikapita. Na iliyofuata. Alikaa barazani na simu yake ameweka spika, anapiga kelele kwa watu wa Arusha, wa Dar, wa Songea, mtaa mzima unasikia: "Kushoto! Nimesema kushoto, wewe!" Wengine walimcheka, wengine walidhani ameanza kuchanganyikiwa. Msimu unakaribia. Meneja ananiuliza kila nikimwona. Nikamwendea mzee nikiwa nimefura.

"Bwana Nyama, mimi nachukua ile ya Morogoro. Nitarudishwa kwenye ngozi mimi!"

"Kachukue," akasema bila kunitazama. "Ila mchi ule ulioubeba unisogezee hapa. Nitauweka kaburini kwako badala ya msalaba."

Nikalia. Mkewe akaniletea maji. Na simu ikalia. Msinione mwongo, iliita nikiwa na kikombe mdomoni. Mwindaji mmoja mzee wa Arusha, anaacha kazi, anayo, kaliba ile ile, bolti kushoto, hajapata mnunuzi kwa sababu hakuna anayeitaka. Hakuna anayeitaka! Bwana Nyama alinikumbatia, akamkumbatia mkewe, angemkumbatia na jogoo kama asingekimbia.

Vibali vilipokamilika nikaileta Lumemo ikiwa kwenye mfuko wake, tupu. Hakutazama mbao wala rangi. Alichungulia kwanza kule nyuma ya bolti, akaona lile kucha kubwa la chuma linaloikamata risasi kitakoni tangu inapotoka kwenye magazini. "Kucha lipo," akanong'ona. Akatia risasi za mazoezi zisizo na baruti, akaigeuza bunduki kichwa chini miguu juu, kifyatulio kinatazama mbinguni, akaniambia nikoki hivyo hivyo. Nikakoki. Risasi ikaingia. Nikavuta, ikatoka. "Bunduki isiyokoki kichwa chini usiende nayo kwenye matete," alisema, "maana ukianguka chali, nyati hasubiri ugeuke." Tulifanya mchezo ule mpaka risasi za mazoezi zikasambaa baraza nzima na tukazitafuta chini ya viti tukicheka wote watatu.

Mtihani? Msimamizi alipoona nimeweka kitako cha bunduki bega la kushoto alikunja uso. Akakunjua alipokwenda kutazama ubao. Matundu yalikuwa yamekaa pamoja katikati, na mimi nilipiga vigelegele mwenyewe kwa sababu hapakuwa na mwanamke mwingine wa kunipigia.

Na nyati akaja. Lazima aje. Mgeni wetu alimpiga tumboni, nyati akaingia matete, tukamfuata kwa damu, pole pole, mimi mbele. Kwenye matete yale huoni mbali kuliko urefu wa mtumbwi. Nikasikia pumzi kabla sijamwona. Akatoka amenyoosha pua, nikapiga, akapiga goti, akainuka, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshavuta na kusukuma bolti bila bunduki kuondoka begani, nikapiga tena. Alianguka karibu kiasi kwamba niliwaona kupe masikioni mwake. Mimi, nisiwadanganye, nilikaa chini, na jambo la kwanza nililowaza ni kwamba lazima nikamsimulie mzee, kwa vikombe na andazi.

Msimu ulipofungwa nilikwenda Lumemo moja kwa moja, bunduki kwenye mfuko wake. Michi ilikuwa pale pale ukutani, buibui wameifunga. Mkewe akanipokea mlangoni.

"Kiharusi, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini. "Upande wa kulia wote. Hataki watu. Wageni nawarudisha hapa hapa. Hata kanisani hataki kwenda, tumempatia kiti cha magurudumu, hataki. Anasema wakati wa kutakiana amani atampa mwenzake mkono gani?"

Nikaomba niingie hivyo hivyo. Alikuwa amekaa karibu na dirisha, mwembamba, kofia kichwani, mkono wa kulia umelala pajani kama kitu cha mtu mwingine. Wa kushoto aliuficha chini ya shuka aliponiona. Aliuficha haraka, na ninajua haraka ile, ni yangu tangu utotoni.

"Shikamoo, Bwana Nyama."

Mdomo ulimpinda, maneno yakatoka mazito. "Mara... haba." Wala hakunitazama.

Nikapiga magoti mbele yake. Nikanyoosha mkono. Wa kushoto. Bibi yangu angefufuka aniadhibu, lakini niliunyoosha mbele yake na kuuacha hapo. Akautazama. Akatazama uso wangu, akarudi kwenye mkono. Mkewe alisimama mlangoni hapumui. Kisha shuka likasogea, na mkono wake wa kushoto ukatoka, ukashika wangu, ukaubana mpaka nikasikia vidole vyangu. Wote tulikuwa tunalia, na yeye alikuwa anacheka kwa upande mmoja wa uso.

"Nyati?" akauliza.

"Alikuja. Na hakusoma namba."

Nikamsimulia yote, nikatumia vikombe, na kwa mara ya kwanza mkewe alitoa andazi bila kunung'unika. Nilipofika kwenye risasi ya pili alipiga paja kwa kiganja cha kushoto. Halafu akanyoosha kidole kwenye mfuko wa bunduki. Nikaitoa, nikahakikisha ni tupu, nikatia risasi za mazoezi. Nilitaka kumwekea mapajani.

"Kichwa... chini," akasema.

Nikaishika kwa mikono miwili, nikaigeuza mbele yake, kifyatulio juu. Bunduki zote alizoshika maisha yake yote, leo hakuna hata moja ambayo angeweza kuikoki, isipokuwa hii. Vidole vyake vya kushoto vilipapasa, vikaipata bolti. Akavuta. Akasukuma. Akavuta, na risasi ikaruka, ikagonga sakafu, ikabingiria mpaka miguuni kwa mkewe.

Mkewe akaiokota kwa mkono wa kulia, akasita, akaihamishia wa kushoto, akampa. Akaipokea.

"Jumapili," nikamwambia, "mimi mwenyewe nitakusukuma kwenye kiti, na nitakaa pembeni yako, upande wa kushoto."

Alikuwa anatazama bolti.

"Tena," akasema.